Waya wa Simu na Daftari la Makosa

Kabla ya intaneti ya simu za mkononi kuenea, baadhi ya nyumba za Kampala zilipata intaneti kupitia waya uleule wa shaba uliotumika kwa simu ya mezani. Huduma hiyo huitwa ADSL. Kisanduku kidogo kiitwacho modemu huwekwa mezani, taa zake huwaka kijani, na mtu huendelea na shughuli zake. Huduma ikiwa nzima hakuna anayeifikiria. Ikiharibika, watu hutafuta wa kumlaumu kabla ya kutafuta chanzo cha hitilafu. Katika insha hii nataka kueleza namna laini ya namna hiyo inavyosomwa, na kwa nini naamini kwamba kuisoma vizuri kunaweza kumwokoa mtu na lawama isiyo yake.

Mwaka 2010 nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu pamoja na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa senia ya tatu. Shangazi alifanya kazi ya kupiga chapa nyumbani. Wanafunzi walimletea tasnifu zilizoandikwa kwa mkono, yeye akazichapa, akazipanga kurasa, kisha akazituma kwa baruapepe. Intaneti ilikuwa jembe lake. Kwa wiki kadhaa laini ilianza kukatika kila jioni, na mara nyingine mchana baada ya mvua kubwa. Siku moja tasnifu ya mteja haikumfikia msimamizi wake kwa wakati, na mteja huyo hakurudi tena.

Shangazi alipoipigia kampuni ya simu aliambiwa kwamba modemu yake imechoka, anunue mpya. Pesa za modemu mpya zingetoka mahali pamoja tu, nazo ni karo ya mdogo wangu ya muhula uliofuata. Wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Kijana hurudi kutoka shuleni jioni, laini hukatika jioni, kwa hiyo kijana ndiye anayeichezea. Alimkataza kugusa kompyuta. Ikafika mahali hata kijana akipita karibu na meza ile anaulizwa anatafuta nini. Naye, kwa kuwa hakuwa na la kujitetea, alianza kuchelewa kurudi nyumbani, na kuchelewa huko kukahesabiwa kuwa dalili nyingine ya hatia.

Hoja ya shangazi haikuwa ya kijinga. Mambo mawili yakitokea kwa saa moja, akili huyaunganisha. Hoja ya kampuni nayo haikuwa ya ajabu, maana modemu hufa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameiuliza laini yenyewe.

Hatua ya kwanza ya kuiuliza laini ni kutenganisha hitilafu za aina mbili ambazo kwa mtumiaji hufanana. Kwenye modemu nyingi kuna taa ya DSL na taa ya intaneti. Taa ya DSL ikiwaka bila kupepesa, maana yake modemu na mtambo wa kampuni ulio upande wa pili wa waya wamesikilizana. Taa hiyo ikiwa imetulia lakini ya intaneti imezimika, waya ni mzima, na tatizo huenda liko katika jina la mtumiaji, neno la siri, au namba mbili za njia ambazo kila kampuni hujichagulia. Uingereza, kwa mfano, hutumia 0 na 38, kwingine ni 8 na 35, au 0 na 35. Namba hizo zikikosewa, hutapata kitu hata kama waya ni wa dhahabu. Lakini taa ya DSL yenyewe ikianza kupepesa, kubadilisha neno la siri ni kumpaka dawa ya kichwa mtu anayeumwa mguu. Kwetu iliyopepesa ilikuwa taa ya DSL. Kwa hiyo nilijua kwamba mipangilio ya akaunti haihusiki, na kwamba swali liko kwenye waya, au kwenye vifaa vilivyoshikamana na waya.

Hatua ya pili ni kufungua ukurasa wa modemu. Mtu huandika 192.168.1.1 mahali pa anwani ya tovuti, na ndani yake hupata ukurasa wenye hali ya laini. Huko kuna namba ambazo watu wengi huziona na kuzifunga haraka. Mwalimu wetu wa uandishi alikuwa ametutaka tuandike kwa Kiswahili kila siku, hata kama ni orodha ya vitu vya sokoni, basi nikaamua daftari langu la laini liwe la Kiswahili. Kazi hiyo ilinilazimisha kuelewa kila namba kabla ya kuipa jina.

Namba ya kwanza inaonyesha ishara imepungua kiasi gani kutoka kwenye mtambo hadi nyumbani. Niliiita kufifia. Hupimwa kwa desibeli, na hukua kadiri waya unavyokuwa mrefu. Kwa waya wa simu wa kawaida, mafundi hukadiria desibeli 13 au 14 kwa kila kilomita. Yetu ilikuwa 38, yaani tulikuwa karibu kilomita 3 kutoka kwenye mtambo. Umbali huo si mfupi, lakini si wa kukatisha tamaa.

Hapa lugha yenyewe ilinisaidia. Kiswahili kina neno masafa, lenye maana ya umbali, na neno hilohilo hutumika kwa mawimbi ya redio na umeme. Katika waya wa simu maana hizo mbili hukutana. Sauti ya mazungumzo hutumia masafa ya chini, yasiyozidi kilohezi 4 hivi. ADSL hutumia yaliyo juu yake, kuanzia karibu kilohezi 26 hadi 1104, na ile ya kizazi cha baadaye, ADSL2+, hupanda hadi 2208. Kadiri waya unavyorefuka, masafa ya juu ndiyo hufa kwanza. Anayekaa mbali na mtambo hupoteza sehemu ya juu ya ngazi, akabaki na vidato vya chini. Kwa hiyo masafa ya njia huamua masafa ya mawimbi yatakayofika.

Namba ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Inaonyesha ishara imeizidi kelele kwa kiasi gani, juu ya kile kinachohitajika ili kasi mliyokubaliana iweze kusomeka. Niliiita akiba, kwa sababu inafanya kazi kama unga uliobaki kwenye debe baada ya kupika. Mitambo mingi hupangwa ianze na akiba ya desibeli 6. Ikishuka karibu na sifuri, modemu haisikii tena vizuri, laini hukatika, na mazungumzo huanza upya. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kelele ikiongezeka kwa desibeli 3, nguvu yake imekaribia kuwa mara mbili. Ikiongezeka kwa 10, imekuwa mara kumi. Akiba ikishuka kutoka 9 hadi 3, huo si upungufu mdogo.

Mazungumzo ninayoyataja ni kama kupatana bei. Modemu inapowashwa, masafa hugawanywa katika vijia vidogo, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. ADSL ya kwanza ina vijia 256. Modemu na mtambo hupima kila kijia, wakaulizana kinaweza kubeba mzigo gani. Kijia chenye utulivu hubebeshwa biti nyingi, hadi 15 kwa mkupuo mmoja. Chenye kelele hubebeshwa chache, au huachwa kitupu. Yote hayo hufanyika kwa nusu dakika hivi, wakati taa inapepesa. Msingi wake uliwekwa na Claude Shannon mwaka 1948, alipoonyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo, na kikomo hicho hutegemea upana wa masafa na uwiano wa ishara na kelele. Hakuna mpangilio wa modemu unaoweza kukiruka kikomo hicho.

Namba ya tatu ni makosa. Data husafirishwa kwa mafungu, na kila fungu huambatana na namba ya ukaguzi. Upande wa kupokea hukokotoa namba hiyo upya, na zisipolingana huhesabu kosa moja. Modemu huhesabu pia makosa iliyoweza kuyarekebisha yenyewe, na sekunde zilizokuwa na makosa. Makosa machache kwa siku si neno. Makosa mia kadhaa kwa dakika ni kilio.

Mchana wa siku ya kwanza niliandika hivi: kufifia 38, akiba 9, kasi kilobiti 512, makosa 14 kwa saa. Jambo moja lilinishangaza mara moja. Kilobiti 512 ni mzigo mdogo. Waya wenye kufifia kwa 38 ungeweza kubeba mara kadhaa ya hapo, na kwa mzigo mdogo hivyo ulipaswa kubakiwa na akiba ya zaidi ya 20. Sisi tulikuwa na 9 kwenye mchana wa jua kali. Kulikuwa na kitu kinachokula akiba yetu hata kabla jioni haijafika, na kabla kijana hajarudi nyumbani.

Hatua ya tatu ni kuichunguza nyumba kabla ya kuilaumu kampuni. Niliomba ruhusa ya shangazi, nikachomoa simu zote na waya mrefu uliokwenda chumbani kwake, nikaunganisha modemu moja kwa moja kwenye soketi ya kwanza, pale waya wa nje unapoingilia. Akiba ilipanda kutoka 9 hadi 12. Nikarudisha vifaa kimoja kimoja. Simu ya chumbani iliporudishwa, akiba ilishuka tena hadi 9, na nilipojipigia simu hiyo kwa simu ya mkononi, laini ilikatika wakati kengele ikilia. Simu ile haikuwa na kichujio, kile kifaa kidogo kinachotenganisha masafa ya sauti na masafa ya data. Simu ya mezani hutumia volti nyingi inapolia, na bila kichujio mshtuko huo huingia moja kwa moja kwenye masikio ya modemu. Kichujio kilipatikana mjini kwa bei ndogo. Baada ya hapo kengele ililia bila madhara.

Mtu angeweza kuishia hapo akishangilia. Jioni ile laini ilikatika kama kawaida. Hitilafu zilikuwa mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine, na kuitibu ya kwanza kulinisaidia kuiona ya pili bila pazia.

Hatua ya nne ilikuwa kuipima hoja ya kampuni. Rafiki yangu aliniazima modemu yake ya aina nyingine kwa siku mbili. Nikaiwekea jina la mtumiaji na namba za njia, nikaiacha usiku kucha. Ilikatika jioni kama ile ya kwetu, na akiba yake ilitofautiana na ya kwetu kwa desibeli moja tu. Modemu mbili tofauti haziwezi kuchoka kwa saa ileile. Karo ya mdogo wangu ilikuwa imepona, angalau kwa muda.

Sasa ilibaki hoja ya shangazi. Daftari langu lilikuwa na safu tano: saa, akiba, makosa, hali ya hewa, na nani yuko nyumbani. Niliandika kila baada ya saa moja nilipokuwepo, kwa siku tisa. Mdogo wangu alikuwa akifika nyumbani saa kumi na moja jioni alipowahi, na wakati mwingine saa mbili usiku. Akiba haikujali. Ilibaki 12 hadi karibu saa kumi na mbili na nusu, kisha ikaanza kuteremka, na kufikia saa moja na nusu ilikuwa 4 au 3. Siku ya Jumamosi kijana alikwenda kumwona bibi yetu Masaka, akalala huko. Jioni hiyo, naye yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye modemu, akiba ilishuka hadi 2 na laini ikakatika mara sita.

Nilimwonyesha shangazi ukurasa ule. Aliusoma polepole, akaniuliza, "Sasa kama si mtoto, ni nini kinachokuja jioni?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika jambo hilo, na wakati ule sikuwa na jibu.

Wakati nikitafuta jibu, nilitumia mpangilio mmoja wa modemu kama mkongojo. Modemu ilikuwa imeachwa ijichagulie aina ya ADSL, ikawa inachagua ADSL2+. Niliifunga kwenye aina ya kwanza, inayoitwa G.dmt, iliyopitishwa mwaka 1999. Aina hiyo haigusi masafa yaliyo juu ya kilohezi 1104, na kwa kasi ndogo kama yetu hatukupoteza chochote. Kukatika kulipungua kutoka mara sita hadi mara mbili au tatu kwa jioni. Upo pia mpangilio unaochanganya mafungu ya data kabla ya kuyatuma, ili kelele ya ghafla ikipiga isiharibu fungu zima bali iguse vipande vidogo vya mafungu mengi, ambavyo ni rahisi kurekebishwa. Gharama yake ni ucheleweshaji wa milisekunde kadhaa. Kwa kawaida mpangilio huo huwekwa upande wa kampuni. Mipangilio kama hii ina faida, lakini haijengi waya uliooza. Mkongojo humsaidia aliyevunjika mguu kutembea, na unaweza pia kumfanya asahau kwenda hospitalini.

Nilikwenda na shangazi kwenye ofisi ya kampuni. Karani aliyetupokea alituambia tuzime modemu na kuiwasha. Shangazi, ambaye wiki mbili kabla angegeuka na kuondoka, aliweka daftari mezani na kusema kwamba modemu mbili zimejaribiwa, simu zote zimechomolewa, kichujio kimewekwa, na akiba inashuka kila siku jua linapozama. Karani alilitazama daftari, akaingia ndani, akarudi na karatasi ya kumwita fundi. Lalamiko la kwamba intaneti ni mbaya husikika kila siku katika ofisi kama ile. Safu tano za siku tisa hazisikiki mara nyingi.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Alianza kazi akiwa kijana enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, na alipata mafunzo yake Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, chepesi na cha uhakika. Alipoona daftari limeandikwa kwa Kiswahili alitabasamu, akaketi kulisoma lote kabla ya kufungua mkoba wake. Mimi nilisema waya, yeye akasema jozi, kwa maana laini moja ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mimi niliandika kufifia, naye alilikubali. Neno akiba alilirudia mara mbili, kisha akasema, "Hili nitalichukua."

"Mzee, kwa nini jioni?" nilimuuliza.

Hakujibu papo hapo. Aliunganisha simu yake ya kazi kwenye jozi yetu, akanipa nisikilize. Penye mlio wa kawaida palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayekunja karatasi kwa mbali. "Huo ni muungo mbovu," alisema. Kisha akaeleza.

Nyaya mbili za jozi husokotwa pamoja kwa makusudi, na Alexander Graham Bell alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1881. Kelele inayotoka nje huzigusa nyaya zote mbili kwa kiasi sawa. Kifaa cha kupokea hakisikilizi kila waya peke yake, bali tofauti kati ya nyaya hizo. Kelele iliyo sawa pande zote mbili hujifuta yenyewe. Ishara, ambayo hupita kwa kinyume katika nyaya hizo, hubaki. Lakini muungo wa waya mmoja ukiota kutu, waya ule hauko sawa tena na mwenzake. Mizani inapinda. Kelele iliyokuwa ikijifuta inabaki, na jozi nzima inageuka kuwa waya wa kunasa redio.

Na redio ndiyo iliyokuja jioni. Stesheni za mawimbi ya kati hutangaza kati ya kilohezi 530 na 1600 hivi, na sehemu kubwa ya eneo hilo ndiyo ADSL inayoitumia kuleta data nyumbani. Mchana tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme huyameza mawimbi hayo yanapopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hupotea, na mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, yakaakisiwa na kurudi ardhini mbali sana na mnara. Wazee waliokua na redio za betri wanalijua jambo hili bila fizikia: usiku hushikwa stesheni za nchi jirani ambazo mchana hazisikiki kabisa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na ndiyo maana laini yetu ilikatika kwa nidhamu ya saa ya ukutani. Mvua nayo ilikuwa na sehemu yake, kwa sababu maji yakiingia kwenye muungo mbovu huzidisha ubovu wake hata mchana.

Tulimfuata mzee hadi kwenye nguzo ya tatu kutoka nyumbani. Kisanduku kilichokuwa juu yake kilikuwa kimepasuka upande mmoja, na ndani yake muungo wa waya mmoja ulikuwa umegeuka kijani kama sarafu ya zamani. Alikata sehemu iliyooza, akaunganisha upya kwa viunganishi vilivyojazwa jeli ya kuzuia maji, akaziba ufa. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Niliporudi ndani kufungua ukurasa wa modemu, kufifia kulikuwa 36 na akiba 24. Jioni ilipofika akiba ilishuka hadi 21, ikakaa hapo. Redio za mbali ziliendelea kutangaza kama kawaida, ila jozi yetu ilikuwa imeacha kuzisikiliza. Nilirudisha modemu kwenye ADSL2+, na haikukatika.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili kisanduku cha plastiki. Kampuni ilisema modemu, shangazi alisema kijana, na kila upande ulikuwa na ushahidi wa namna fulani. Mdogo wangu alikuwa na bahati kwamba hitilafu ilikuwa ya kitu kinachoweka hesabu. Modemu ilikuwa ikiandika makosa yake kila sekunde, mchana na usiku, bila kujali nani anapendwa na nani anashukiwa. Mambo mengi yanayoharibika katika nyumba hayana ukurasa wa kufungua, na anayeshukiwa hubaki na neno lake tu.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna jambo jingine. Huambiwa mara kwa mara kwamba lugha hii haifai kwa mambo ya ufundi kwa kuwa istilahi ni chache. Mzee yule alifanya kazi ya ufundi kwa Kiswahili maisha yake yote kwa maneno kama jozi, muungo, kelele na nguzo, na laini zilipona. Neno la ufundi halizaliwi ndani ya kamusi. Huzaliwa mtu anapohitaji kumweleza mwenzake kitu kilichoharibika, na mwenzake akaelewa vya kutosha kukitengeneza.

Shangazi hakuomba msamaha kwa maneno. Watu wazima wa kwetu mara nyingi hawafanyi hivyo kwa watoto waliowalea. Lakini wiki hiyohiyo alilipa karo kabla muhula haujaanza. Na jioni moja nilimsikia akimwita mdogo wangu mezani na kumwambia avute kiti, amwonyeshe namna ya kufungua ukurasa ule wa namba. Kijana alimweleza akiba ni nini. Alieleza vizuri kuliko mimi, na tangu siku hiyo ndiye aliyeachiwa daftari.